Maneno ya Kumwamsha Mzee Festi

Kila nikikutana nanyi vijana mnaosomea kazi ya kutunza wazee, swali ni lilelile: "Papa Bahati, mzee akikataa kula unafanyaje?" Nikianza kujibu mnatoa simu mnirekodi, halafu mnaniomba nifupishe. Nifupishe nini? Miaka ishirini na miwili nimelisha, nimeogesha na nimebadilisha nepi za watu wazima hapa Johannesburg, na nyinyi mnataka niyamalize yote kwa dakika moja. Safari hii nimekataa kurekodiwa. Nimeandika, na anayetaka jibu atasoma mpaka mwisho.

Sikuzaliwa na kazi hii. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na cheti changu nilikibeba mpaka huku kwenye bahasha ya plastiki. Kila ofisi niliyoingia walikisoma kwa heshima kubwa wakanirudishia. Kazi niliyoipata ni kwenye nyumba ya wazee karibu na Bertrams, na siku ya kwanza nikamwagia bibi mmoja maji usoni kabla hata sijamwambia jina langu. Alinizaba kofi ambalo mpaka leo nalikumbuka. Mwenzangu wa zamu, Thandeka, alicheka mpaka akashika ukuta.

Huyo Thandeka ndiye mwalimu wangu, na msishangae kwamba hakuwa na cheti cha aina yoyote. "Baba," aliniambia akiwa bado anafuta machozi, "usoni hatuanzi. Anza na miguu. Kaa chini, chini kabisa, pima maji kwa kiwiko, mshike miguu taratibu. Akizoea mkono wako, mwenyewe atakuachia na uso." Nyinyi mmefundishwa hayo? Mmefundishwa kujaza fomu. Juzi nilimkuta mmoja wenu anamwogesha mzee huku ana spika masikioni, na mzee anaongea. Nilitoka nje nikavute pumzi, maana ningesema la kusema.

Sasa Mzee Festi.

Mzee Festi alikuwa mtu wa Ayalandi, fundi wa mashine za migodini, ameishi Johannesburg zaidi ya nusu karne. Alikuja kwetu na miguu mibovu lakini akili yake nzima, na chumba chake kilikuwa cha mwisho upande wa bustani, chenye dirisha ambalo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Alilipenda dirisha lile. Alikuwa ananitania kwa Kiingereza kuhusu mpira wa miguu, na mimi namtania kuhusu chai yake nyeusi kama lami. Tuliishi vizuri hivyo miaka mitatu. Kisha akapata kiharusi, akarudi kutoka hospitali bila Kiingereza hata neno moja.

Alikuwa anaongea, tena sana. Ila hakuna aliyeelewa. Metroni wetu, Mkenya aitwaye Mueni, mtu wa kanisa kweli kweli, alisimama mlangoni akasikiliza, akaninong'oneza: "Papa Bahati, hii si kawaida. Huyu mzee ananena kwa lugha." Nikamwambia kama ni Roho Mtakatifu, basi Roho amekasirika, maana mzee alikuwa amerusha kijiko. Tulipompigia simu binti yake, ambaye anaishi Australia, akasikiliza kidogo akaanza kulia. Alisema hicho ni Kiayalandi, lugha ya utotoni ya baba yake, ya kijiji fulani ukingoni mwa bahari. "Hakutufundisha," alisema. "Alisema huku haina kazi."

Lugha haina kazi! Nilirudisha simu mezani kwa hasira, na wakati ule sikujua kwa nini imenichoma vile.

Mzee alikataa kula na akakataa kuogeshwa. Ukimletea sahani anaisukuma. Ukimletea beseni anasimama, anayumba, anataka kutoka. Mizani ikaanza kutuambia habari mbaya kila Jumatatu. Mwenye nyumba akamtuma Metroni atuambie kwamba tuna wiki sita: kama hali ni ileile, Mzee Festi atahamishwa kwenye wodi ya mlango wa kufungwa, mbali huko kaskazini kupita Diepsloot, ambako wasiotulia hutulizwa kwa dawa. Mimi nilikuwa nimewahi kupeleka mzee mmoja pale. Nilipomtembelea mwezi uliofuata alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelala begani, hajui kama nimekuja. Sikutaka kumpeleka mwingine, na hasa si huyu.

Basi nikaamua kujifunza Kiayalandi. Thandeka alinitazama akasema, "Haibo, Baba! Kizulu changu tu umekishindwa." Ni kweli nilikishindwa. Lakini mwalimu wa lugha ni mwalimu wa lugha, nikapata masomo ya bure kwenye simu, nikawa nayafuata chumbani kwangu mtaa wa La Rochelle baada ya zamu.

Jamani. Sijawahi kukereka vile. Kwanza maandishi yao: unaona herufi nane, mdomoni zinatoka tatu. Maji wanaandika uisce, yanasomwa ishke. Sisi tunaosoma kila herufi tunayoiona, hiyo ni adhabu. Pili, sijui masomo yale yalitungwa kwa ajili ya nani. Somo la kwanza kuhusu maisha ya kila siku: Éirím ar a seacht a chlog, ninaamka saa saba. Hiyo saba ni saa moja yetu ya asubuhi, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kinahama mara mbili, mara kwa lugha, mara kwa saa. Somo la pili: Téim ag obair ar an mbus, ninakwenda kazini kwa basi. Mzee ana miaka themanini na tisa, hana basi la kupanda! Nilitaka neno la kumwambia fungua mdomo, au geuka ubavu, au wapi panauma. Simu ikanifundisha kusema nina mkutano ofisini.

Niliokota yaliyonifaa. Éirigh, amka. Ith, kula. Nigh, osha. Arán, mkate. Codladh, usingizi. Obair, kazi. Niliyaandika kwenye vipande vya plasta ya kubandikia, kila kimoja na matamshi yake kwa herufi zetu, nikavibandika chumba kizima: kitandani, kwenye bomba, kwenye kabati. Metroni alipoingia akauliza kama tunahama.

Asubuhi ya kwanza niliingia na maneno yangu yote mdomoni. "Éirigh!" nikamwambia. "Ith!" Mzee akanikodolea macho, akageukia ukuta. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, maana ndivyo mjinga anavyofanya asipoeleweka. Akavuta blanketi mpaka kichwani. Thandeka, aliyekuwa anapanga shuka, akaniuliza: "Baba, wewe ndiye unatusema kila siku hatuamkii wazee. Huyu umemwamkia?"

Niliona aibu. Miaka yote nawafokea wasaidizi wapya kwa kuingia vyumbani bila salamu, halafu mimi naingia na amri mbili. Nikarudi kwenye simu, nikatafuta salamu, nikajifunza njia nzima ndani ya treni. Kesho yake nikakaa kwenye kigoda, nikashika mguu wake, nikasema, "Dia dhuit," yaani Mungu awe nawe. Blanketi likashuka. Mzee akanitazama, akajibu vizuri, taratibu, "Dia is Muire dhuit," Mungu na Maria wawe nawe. Aliniachia miguu yote miwili, na siku hiyo nilimwogesha mpaka usoni.

Mnadhani mambo yaliisha hapo? Nyinyi mnapenda hadithi ziishe mapema. Alioga, ndiyo, lakini chakula alisukuma vilevile. Na sasa kwa kuwa nilikuwa na maneno mawili matatu, nilianza kuelewa anachopiga kelele, na hapo ndipo kuelewa kuliponiharibia zaidi. Ukiweka sahani mbele yake, anapiga meza: "Níl an obair déanta!" Somo la kumi na moja lilikuwa limenifundisha. Maana yake, kazi haijafanyika.

Nilimtafsiria Thandeka. Nisingemtafsiria! Alivua glavu zake moja moja. "Kazi haijafanyika? Nimeamka saa kumi ya alfajiri, nimebadilisha vitanda sita, huyu mzungu ananiambia mimi sijafanya kazi?" Na ukweli ni kwamba na mimi ilinichoma. Mnajua nchi hii ilivyokuwa. Mwanamke wa umri wa Thandeka ameshasikia ya kutosha kutoka kwa wazungu waliokaa kuhusu weusi waliosimama. Tukawa tunamhudumia kwa midomo iliyofungwa. Mimi nilikuwa namjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa hasira yangu haijui lugha nyingine: "Kazi imefanyika, muzee! Angalia! Chumba ni safi! Unataka tufanye nini tena?"

Na wakati huohuo alikuwa na tabia iliyotuchosha. Akiona ufagio anaushika. Akiona taulo anazivuta. Mara mbili tulimkuta jikoni ameinamia gunia la viazi. Na sisi kila mara tulimnyang'anya kwa upole. "Hapana babu, kaa, pumzika." Tulikuwa wafanyakazi sita katika ile nyumba, Wakongo, Wakenya, Wazulu, na hakuna aliyelelewa vingine: mzee hashiki ufagio wakati vijana wapo. Kwetu Uvira mzee akionekana anafagia na wewe umekaa, mama yako atasemwa mtaa mzima. Kwa hiyo tulimnyang'anya ufagio, tukamketisha kwenye kiti kizuri, tukamfunika miguu. Tulikuwa tunamheshimu kwa moyo wetu wote, na kila Jumatatu mizani ilikuwa inashuka.

Wiki ya tano ikafika. Siku hiyo mpishi hakuja, mmoja wa wasaidizi aliumwa, na umeme ulikatika kabla maji hayajachemka. Metroni akanipa gunia la viazi na kisu kidogo, akanikalisha kwenye korido nimenye vya watu thelathini. Cheti changu cha Kifaransa kilinitosha kabisa kwa kazi hiyo. Nikiwa kwenye kiazi cha nne, Mzee Festi akatoka chumbani na kigari chake cha kutembelea, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono akitaka kisu.

"Hapana, muzee. Kaa."

Akanyoosha tena. Nikasogeza gunia. Akashika gunia. Tukavutana, mimi na mtu wa miaka themanini na tisa, kwenye korido, juu ya viazi. Na mimi nikachoka. Nawaambieni ukweli kwa kuwa hamtausoma kwenye vitabu vyenu: sikuwa na hekima yoyote siku ile, nilichoka tu. Nikampa kisu. "Haya chukua! Menya! Menya yote!" Nikaondoka na hasira yangu mpaka mlango wa bustani, nikageuka kuangalia asije akajikata.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda changu. Mikono ile iliyotetemeka hata kushika kijiko ilikuwa inazungusha kiazi, na ganda linatoka refu, jembamba, bila kukatika. Simu ilikuwa imenifundisha kwamba viazi ni prátaí. Yeye akainua kimoja, akanionyesha kama mtu anayemwelekeza mwanagenzi, akasema, "Fataí," nadhani ndivyo wanavyotamka kijijini kwao. Nikarudia, fataí. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akaendelea. Nikaenda nikakaa sakafuni karibu naye, nikawa natupa maganda.

Ilichukua muda mrefu sana. Alipomaliza alisimama, akaenda mwenyewe kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwiko, akaketi mezani, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayetoa taarifa: "Tá an obair déanta." Kazi imefanyika. Nilimwekea sahani, akala yote, akainua sahani kuomba nyingine.

Nilikwenda stoo nikafunga mlango nikalia. Wiki tano mtu anatuambia kwamba hajafanya kazi yake, kwa hiyo hawezi kula, na sisi tunadhani anatutukana. Kwao nafikiri mtoto aliamka akafanya kazi ya nyumba kwanza, kisha akaitwa mezani. Alikuwa amerudi huko. Kila siku tulikuwa tunamwekea chakula ambacho kwa akili yake hakustahili, na alipojaribu kukistahili tulimnyang'anya ufagio.

Metroni Mueni alipopita na kuona maganda na kisu, alishika kichwa. "Wacha mchezo, Papa Bahati! Mgonjwa wangu na kisu? Mwenye nyumba akisikia tunatumikisha wazee, sisi sote tutaenda nyumbani."

"Metroni, huyu muzee haiko mugonjwa ya tumbo," nikamwambia. "Iko na njaa ya kazi. Angalia sahani."

Aliangalia sahani. Metroni ni mtu mkali, lakini anajua kusoma sahani tupu. Akasema kisu hapana, tutafute kazi isiyo na makali.

Basi Thandeka akamletea mzee taulo azikunje. Akakunja kumi, safi kabisa, akala. Siku ya pili taulo zilikuwa chache, kwa hiyo tukazikunjua zile alizokwisha kukunja tukamrudishia. Alizitazama. Akazisukuma zote sakafuni na sahani juu yake. Eish, tulimkosea! Akili ilikuwa imepotea njia lakini haikuwa ya kitoto, alijua kazi ya kweli na kazi ya kudanganyiwa. Hilo mliandike kwenye madaftari yenu kama mna madaftari. Mkimpa mzee kazi, iwe kazi ambayo isipofanywa mtu mwingine atapungukiwa. Ilibidi Metroni mwenyewe aende dukani kununua kile kimenyeo chenye mpini, kisichoweza kukata mtu, akaandika kwenye faili kwa mkono wake: viazi kila asubuhi, kabla ya chakula. Thandeka alisimama mlangoni siku hiyo, akamwambia mzee kwa Kizulu kwamba anamsamehe. Mzee akampa kiazi.

Jumatatu ya wiki ya sita mizani ilipanda. Gari la kwenda kaskazini halikuja.

Aliishi nasi mwaka mmoja na miezi kadhaa, chumba kilekile, dirisha lilelile. Siku yake ya mwisho hakuweza kuinuka. Ilikuwa asubuhi, jua limefika kwenye mto wake wa kulalia, mimi nimeshika miguu yake. Alihangaika, akitafuta kitu kwa mikono. "Fataí?" akaniuliza. Nikamwambia, "Tá an obair déanta, Mzee Festi." Akanitazama kuhakikisha kwamba simdanganyi. Sikuwa namdanganya, viazi nilikuwa nimevimenya mwenyewe alfajiri, vyote, na maganda yangu mabaya yale. Mikono ikatulia juu ya shuka.

Sasa nimestaafu na nakaa na mwanangu. Mjukuu wangu Neema anafanya kazi hii hii, na kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, "Sharp, Papa," huku anaangalia simu. Namuuliza mbona hajifunzi. Ananiambia hapa haina kazi. Haina kazi! Nilimsikia binti wa Mzee Festi analia upya.

Kwa hiyo nimenunua plasta. Nimebandika nyumba nzima, mwanangu anasema nimechanganyikiwa mapema. Kwenye bomba: maji. Kwenye sufuria: uji, mzito, usiweke sukari. Kwenye mlango wa choo: choo, na usisubiri nikuombe mara mbili. Kitandani nimeandika salamu, kwa sababu bila salamu sitafungua jicho. Neema alisoma zote akacheka, akauliza, "Na kazi yako itakuwa gani, Papa? Viazi?"

Viazi sijui kumenya. Kazi yangu mimi mnaijua. Siku Kifaransa kitakapoondoka, na Kiingereza, na kila kitu, kuna asubuhi nitakuja mpaka kitandani kwako, Neema mtoto wangu, na beseni la maji niliyoyapima kwa kiwiko. Labda nitakuita Festi. Usininyang'anye beseni. Usiniambie kaa, pumzika. Nipe miguu yako, nayo iwe na vumbi kweli, niioshe mpaka nimalize. Kisha uniambie kazi imefanyika, ndipo uniletee chakula.